Ngata ya Mlangoni

Mwezi wa sita uliopita jirani yangu mpya alinijia asubuhi amejifunga kanga kiunoni, nyingine kichwani, mkononi ana mfuko wa sukari. Alikuwa na wiki moja tu tangu ahamie mtaa wetu hapa Ifakara. Akanipa shikamoo, akakaa kwenye kigoda, akaniambia pole mama, tumeona shada mlangoni kwako lakini hatukusikia kilio, marehemu ni nani? Nikamwambia marehemu hakuna. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama tena mlango. Nikampikia chai kwa sukari yake mwenyewe, maana msiba au hakuna, mgeni ni mgeni.

Kabla hajaaga aliniomba kwa upole niliondoe lile shada. Alisema ana mtoto anayeumwaumwa, na mlango wake unatazamana na wangu. Nikakataa. Tangu siku hiyo salamu zake zimekuwa fupi, na wewe unayenisoma huenda umeshaanza kuniona mtu mgumu. Mgumu ni kweli, sikatai. Lakini ngoja nikueleze nilikotoa ugumu huu, halafu utanihukumu.

Kwanza, kile kitu si shada. Ni ngata. Ngata unaijua, kile kiduara cha kitambaa au majani ambacho mwanamke hukiweka kichwani kabla ya kujitwisha ndoo. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kijijini Kisawasawa pamoja na mama, alikuwa akisuka ngata nyingine, kubwa kama ungo mdogo, akaipamba kwa masuke ya mpunga na kuitundika kwenye mlango wa mbele kila tulipomaliza kuvuna. Sijui alifundishwa na nani. Nilimuuliza mara nyingi, na kila mara alijibu kwamba kichwa kinachobeba ndoo hakikosi ngata, sasa nyumba inayobeba watu wote hawa ikose kwa nini? Basi hilo ndilo lilikuwa jibu, ukitaka zaidi unapewa kazi ya kufanya.

Na kazi zilikuwepo. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya barabara, bondeni, ambako ukisimama juu ya dungu la kuamia ndege unaiona milima ya Udzungwa imevaa mawingu hadi kiunoni. Mimi ndiye niliyekaa dunguni tangu alfajiri nikigonga debe na kurusha udongo kwa kombeo, sauti ikikauka kwa kuwafokea kwelea kwelea. Mpunga wetu ulikuwa ule mrefu tuliouita shingo ya mwali, ulionifika kidevuni, wenye suke lililoinama. Masuke ya ngata tuliyakata kwa kisu, moja moja, shingo ikiwa bado na ukijani. Ukisubiri yakauke kabisa punje zinapukutika na unabaki na ufagio. Tuliyaanika kivulini chini ya upenu siku tatu, huku tukiwafukuza kuku na shomoro.

Duara lenyewe bibi alilisokota kwa mabua ya mpunga, akalizungushia ukindu uliobaki kwenye mikeka yake, wa zambarau na wa kijani. Kisha masuke yanapangwa matatu matatu, fungu moja likifunika miguu ya jingine, yote yakitazama upande mmoja. Kosa langu lilikuwa kukaza mno. Nilivuta ukindu mpaka mabua yakakatika, na bibi akaninyang'anya na kufungua upya. Funga kama unavyombeba mtoto mgongoni, aliniambia, asianguke na asilie. Mpaka leo mikono yangu inafunga kwa kipimo hicho.

Siku hizo nyumba nzima ilinuka pepeta. Mpunga mbichi unakaangwa chunguni, unatwangwa ukiwa wa moto, unapepetwa, unaliwa na nazi kama ipo na bila nazi kama haipo. Bibi alitwanga, mama akapepeta, mimi nikala kabla ya wote, na kando ya moto kambale alikuwa akikauka taratibu kwa moshi. Nikisema nilikuwa na furaha wakati ule nasema ukweli mtupu.

Halafu ukaja mwaka ambao mama aliugua figo. Ugonjwa ulimwanza wakati wa palizi, miguu ikavimba, akapelekwa hospitali Ifakara na kulazwa. Ngwe yake shambani iliiva bila yeye. Bibi hakumruhusu mtu mwingine kuivuna, aliivuna mwenyewe, na masuke yake ndiyo aliyoyasukia ngata ya mwaka ule. Alitaka mama atakaporudi aukute mpunga wake umefika mlangoni kabla yake. Ilikuwa ngata nene kuliko zote alizowahi kusuka.

Miaka ya nyuma watu waliiona tu kama tabia ya bibi. Mwaka ule waliiona kwa jicho jingine, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na mgonjwa, na kwa sababu mashada ya maua ya plastiki yalikuwa yameanza kuonekana kwenye mazishi ya watu wenye uwezo. Jirani yetu, mama mmoja mfuga bata ambaye ua wake ulipakana na wetu, ndiye aliyeanza kulitumia neno hilo. Alisema bibi ametundika shada la maiti wakati mwanawe bado anapumua. Neno likazunguka kisimani na mashineni, likarudi nyumbani kupitia kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kumsihi bibi aishushe kwa heshima ya watu tu. Bibi akamuuliza kama hao watu ndio wanaompelekea dada yake uji hospitali. Mjomba akaaga. Ngata ikabaki.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na moyo wa bibi. Siku moja mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitufundisha maneno mapya, akaandika ubaoni "shada", kisha akaandika sentensi ya mfano: Shada huwekwa juu ya kaburi. Hakuwa na nia mbaya, nina hakika. Lakini darasa zima liligeuka kunitazama. Nyuma yangu mmoja akanong'ona kwamba kwetu tumeshaweka, bado kaburi. Nilinakili ile sentensi kwenye daftari kwa mwandiko mzuri, machozi yakidondoka juu yake.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa ameshaondoka na basi kwenda Ifakara na chakula cha mama. Nikapanda juu ya kinu, nikaing'oa ngata kwenye msumari, nikairusha uani kwa jirani. Nilitaka mama apone, na nilitaka darasa linyamaze. Bata wakaivamia. Nilisimama kwenye uzio nikiwatazama wakizikwanyua punje za mama yangu, na nakiri kwamba nilijisikia nimefanya jambo la maana. Ilikuwa Jumanne.

Bibi aliporudi jioni aliutazama msumari kwanza, mimi baadaye. Nikamwambia ni mimi, na nikamwambia kwa nini. Nilisubiri kofi ambalo halikuja. Aliketi, akavua viatu, akasema mama amekunywa uji kidogo, na kwamba mpunga wa kusuka nyingine umeshapigwa wote.

Jumamosi mjomba alishuka kwenye basi la kutoka Ifakara, kofia mkononi. Bibi alikaa chini pale pale barabarani.

Sitakusimulia msiba wote. Nakumbuka wali wa sufuria kubwa, moshi, na wanawake wamejaa kwenye mikeka ambayo bibi mwenyewe aliisuka. Siku ya pili, bibi akiwa amekaa katikati yao amejifunika kanga, yule mama mfuga bata aliyekuwa karibu na mlango akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba tulimwambia huyu, hakusikia, amejitundikia mwenyewe. Unajua neno la namna hiyo linaweza kumfikisha wapi mwanamke mzee kijijini. Kuna nyumba zimechomwa moto kwa maneno madogo kuliko hayo, na mle uani hapakuwa na mtu mzima ambaye hakulijua hilo.

Bibi akajifunua uso, akasimama. Hakupaza sauti.

"Simama uutazame mlango wangu," alimwambia. "Ngata ililiwa na bata wako Jumanne, masuke yake yako uani kwako mpaka sasa. Mwanangu amefariki Jumamosi. Haya, nieleze mbele ya hawa wote, msumari mtupu umemuuaje?"

Mama mmoja mzee akaguna kukubaliana na bibi, mwingine akamvuta bibi taratibu akae. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikingoja ataje jina langu. Hakulitaja, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Lakini mtoto husikia kwa njia zake. Wao walisema ngata imemuua mama. Mimi nikaanza kuamini kwamba nimemuua kwa kuishusha, kwamba mama alikuwa akirudi, akaukuta mlango mtupu, akageuka. Nikaacha kula. Bibi aliniacha siku chache, kisha asubuhi moja akaniita tukachambue mchele, akaweka ungo katikati yetu.

"Unadhani ni wewe," alisema. "Wao wanadhani ni mimi. Mama yako aliumwa figo, daktari alituambia na mimi nilimsikia. Sikumuua kwa kutundika na wewe hukumuua kwa kushusha. Ile ilikuwa mapambo ya nyumba. Ilikuwa nzuri, basi."

Nikalia, akaniacha nilie, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko maneno yale. Kuna watu wazima ninaowajua wanatembea na vifo wasivyovisababisha, hawakupata wa kuwaambia.

Tulipoanua matanga, bibi alinishika mkono tukaenda shambani. Kwenye kona yenye unyevu mabua yaliyokatwa yalikuwa yamechipua upya, maotea membamba yenye visuke vya punje kumi, kumi na mbili. Tukayakata yote. Tukasuka ngata nyembamba, ya kusikitisha ukiiona, bibi akaigongea msumari mpya mahali pa juu zaidi ili ionekane kutoka barabarani. Mjomba akaja mbio kumwambia bibi kwamba watu watasema. Bibi akamwambia wawekee mkeka, waseme wakiwa wamekaa.

Na walisema, usidhani hadithi hii ina mapatano. Mwaka mzima hakuna aliyekuja kwetu kuomba chumvi wala moto. Mama mfuga bata alihamia kwa ndugu zake Mlimba miaka michache baadaye, na hakutuaga. Bibi alitundika ngata kila mavuno mpaka alipofariki akiwa mzee sana, mwezi wa tano, mpunga ukiwa bado shambani. Siku ya kumzika, walimwengu wakitaka mlango uwe wa heshima, mjomba mwenyewe, naye sasa mwenye mvi, ndiye aliyesimama kizingitini akakataza mtu kuigusa ile ya mwaka uliopita, iliyobaki mabua na vumbi.

Sasa nikirudi Kisawasawa siijui tena njia ya kwenda kwenye ngwe ya mama. Shingo ya mwali hailimwi, imeshindwa na mbegu fupi zinazozaa haraka, na shibe si kitu cha kulalamikia, silalamiki. Kombaini inapita asubuhi, mchana shamba ni jeupe, majani yamesagwa, huwezi kupata bua refu la kusokota. Ukindu unafuatwa mbali. Dungu sijaliona siku nyingi, wala mtoto aliyekauka sauti kwa ndege. Wanangu wanakula pepeta iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, baridi, na wanasema ni tamu, na mimi nakaa kimya kwa sababu sijui nianzie wapi kuwaeleza ilivyokuwa ya moto. Mikono ya bibi haipo. Sauti ya mama siikumbuki vizuri, nakumbuka tu jinsi ungo ulivyokuwa ukilia mikononi mwake.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla kombaini haijaingia, namwomba mwenye shamba mmoja anipe kona, nakata masuke kwa kisu, mafupi hivyo hivyo, nasuka usiku na mchana mpaka vidole vichubuke. Naitundika mlangoni, upande wa barabarani kabisa, ionekane. Watu wananiambia niishushe, wananiambia kwa upole na kwa ukali, wengine wana wagonjwa ndani na nawaombea wapone kwa moyo wangu wote. Ila kuishusha, hapana. Niliishusha mara moja. Haikumwokoa mtu.