Jani la Isale

Kila Krismasi ikikaribia, shingo ya Mama Justina ilikaza na usingizi ukampaa. Dawa za presha alikunywa bila kuruka, na presha ikapanda vilevile.

"Nini kinakusumbua, mama?" nesi wa zahanati alimuuliza.

"Wanangu wanakuja nyumbani."

Nesi akacheka, akidhani ni utani. Hakujua kwamba Martin na Sylvanus hawajasalimiana tangu wagombee kihamba, shamba la migomba alikozikwa baba yao, na kwamba siku ya kuchinja mbuzi mama yao hushinda akichunga kisu kiko mkononi mwa nani.

Mwaka huu Martin alitangulia kufika. Gari la Sylvanus liliposikika likipanda kilima, moyo wa mama ulimdunda hadi masikioni. Alitoka akishika ukuta, akakata jani la isale mpakani, lile ambalo Wachagga huombana nalo msamaha na anayepelekewa hakatai, akamwekea Martin mkononi.

"Mpelekee mdogo wako."

"Mama, tusiharakishe. Labda Pasaka."

"Pasaka utaliweka juu ya kaburi langu."