Kombe Juu ya Kabati la Mshonaji

Kombe la Mtaa ni kongwe kuliko lami ya mtaa wenyewe. Lilianzishwa na karani mstaafu wa reli, aliyechoka kuona vijana wa sokoni na wa karakana wakirushiana mawe. Akawaambia warushiane mpira. Tangu hapo haliwekwi ofisini. Linakaa kwa mama wa nahodha aliyeshinda mpaka fainali inayofuata. Kwa muuza maua liligeuka chombo cha maua. Mke wa mchinjaji alilitilia mafuta, likarudi linanuka, wachezaji wakalibusu huku wameziba pua. Ndipo kamati ikatunga kanuni: mama alisugue mwenyewe, lirudi linang'aa, la sivyo timu iliyolileta haichezi. Waliitunga wanaume ambao hata sufuria hawajawahi kusugua, na hakuna aliyethubutu kuibadili.

Mara hii lilikuwa kwa mama mshonaji. Mwanawe, nahodha wa timu ya soko waliyemwita Nguzo, alilibeba kutoka uwanjani na kuliweka juu ya kabati. Baadaye akashikwa na homa, hakuinuka tena. Mama alishona, alipika, alilala. Waliokuja kumpa pole waliondoka wakinong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Nguo za marehemu alizigawa. Kombe hakuligusa, maana jasho la mwanawe lilikuwa limeacha alama ubavuni: vidole vinne huku, gumba kule.

Siku moja kabla ya fainali, kocha, ambaye ni fundi baiskeli, alipiga hodi.

"Karibu, baba. Sogeza hizo nguo, ukae."

Hakukaa. "Tumeingia fainali tena, Mama Nguzo. Wa karakana wanatucheka, eti nyumba bila nguzo ni turubai."

"Hao kwa maneno hawajambo."

Kocha akainua macho kwenye kombe, akaziona alama. Kisha akasema polepole, "Nikawaombe kamati walipokee hivi hivi, bila kusuguliwa?"

"Watakubali?"

"Hawatakubali. Ila nitaomba."

Mama akakata uzi kwa meno. "Wenzake wamekimbia mvuani mwaka mzima. Hawatatolewa kwa ajili ya kabati langu."

Akachukua jivu na ndimu, akaketi kizingitini. Alianza na kitako, akaja mdomoni, akamaliza vishikio vyote viwili. Ukabaki ubavu. Akaweka vidole vyake juu ya zile alama, akangojea uchungu uje. Haukuja. Ilikuwa kama kugusa mkono uliokufa ganzi.

"Vyake vilikuwa virefu," alisema, akasugua.

Kocha alilipokea kwa mikono miwili. "Utakuja uwanjani, mama?"

"Nina sare za shule za kumalizia."

Kocha akaenda. Mama akanawa, akarudi kwenye cherehani, akapanga kitambaa chini ya sindano. Mguu ukakataa kukanyaga. Akautazama kama mguu wa mgeni, bila hasira, akingoja uanze.