Govi Langu, Sukari Yangu, na Jina la Mama Sekela

Nimezima mashine kwa makusudi. Umeme upo, kwa hiyo asiondoke mtu na gunia lake. Mpunga wenu wote utakobolewa leo. Naomba tu mnipe huu muda ambao kwa kawaida mngeutumia kunilalamikia kwamba foleni haiendi. Nataka kumshukuru Mungu kwa afya yangu, halafu kuna mtu nataka kumwomba radhi. Akina mama msiinuke, mambo haya yanawahusu pia. Nitataja sehemu za mwili kwa majina yake, maana nilipokuwa nazificha ndipo nilipoharibu.

Watu wa hapa Rujewa mnanijua. Kwa ninyi mliofika asubuhi hii kutoka Madibira, mimi naitwa Eliasi, Mhehe wa Iringa, na huu ni mwaka wa kumi na moja naendesha mashine hii. Nina miaka arobaini na sita. Mke wangu ni Mama Tumaini, yule pale kwenye benchi, Mnyakyusa wa Uyole.

Nilikuwa mtu wa afya. Gunia la kilo mia nililibeba peke yangu na bado nikawa na pumzi ya kuwatania wenye mpunga wenye mawe. Sikutahiriwa utotoni, kwa sababu wazee wetu hawakuwa na desturi hiyo, na govi langu halikuwahi kunisumbua. Lilirudi nyuma vizuri, nikanawa, maisha yakaendelea. Gari la matangazo ya tohara lilipita hapa kila mwaka, na kila mwaka nilisema mwakani.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nikaanza kuwashwa kwenye kichwa cha uume. Sasa ninyi mnajua pumba. Anayefanya kazi humu ndani huwashwa shingoni, kwapani, mpaka ndani ya masikio. Nikasema ni pumba. Nikapata kiu isiyoisha, nikasema ni vumbi la pumba, nikawa nakunywa soda tatu kabla ya chakula cha mchana. Nikaanza kwenda chooni kila baada ya muda mfupi, nikasema ni hizo soda. Kila kitu kilikuwa na jibu lake, na mimi nilikuwa nimeridhika kabisa na majibu yangu.

Halafu ngozi ya ukingo wa govi ikaanza kupasuka. Zilikuwa nyufa ndogo, kama za kisigino, zikifunga leo zinafunguka kesho na kutoa damu. Ndani kukawa na utando mweupe wenye harufu. Nikaona ni uchafu, nikaanza kunawa kwa sabuni ya mche, ile ya kufulia, mara tatu kwa siku. Nikaongeza chumvi. Siku moja nikapaka spiriti, nikauma shati langu ili nisipige kelele. Kadiri nilivyosafisha ndivyo ngozi ilivyozidi kuwa nyekundu na kubana. Ikafika mahali mkojo unatoka kwa shida. Govi linavimba kwanza kama puto, ndipo mkojo uanze kuchuruzika.

Nilijua pa kwenda. Lakini ninyi ni watu wa huku, mnajua tunavyoamini: kidonda cha tohara kinataka baridi. Watu wanakwenda mwezi wa sita na wa saba, wakati wa joto hakatwi mtu. Na mimi nilikuwa kwenye joto la Rujewa, mwezi wa kumi na moja, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu. Nikajiambia, vumilia Eliasi, miezi saba si mingi. Nikawa nahesabu miezi kama mjamzito.

Nyumbani nilianza kulala na suruali. Mama Tumaini akinisogelea nageukia ukutani, nasema nimechoka. Tulikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa na sikuwahi kumfanyia hivyo. Siku moja anafua akakuta damu kwenye bukta yangu. Akaja nayo mkononi.

"Baba Tumaini, ugonjwa huu umeutoa wapi?"

Nikamwambia sina ugonjwa.

"Ni kwa yule anayekupikia pale mashineni?"

Alikuwa anamsema Mama Sekela, ambaye alikuwa akiuza wali na maharage chini ya bati lile pale. Nilikuwa nakula kwake kila siku, na soda zangu nilinunua kwake. Basi. Hakukuwa na kingine chochote, na nilitakiwa kusema hivyo hivyo. Ningeweza kuvua suruali pale pale mchana kweupe, mke wangu aone, tusaidiane. Badala yake nilinyamaza.

Ngoja niwaambie ukweli, maana hapa ndipo penye shida yangu. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwanaume mwenye hawara watu wanamsema wiki mbili halafu wanamsahau. Lakini mwanaume wa umri wangu ambaye hajatahiriwa, ananuka na anaoza, huyo nilimwonea haya kuliko dhambi. Niliona afadhali mke wangu aamini nina mwanamke nje kuliko anione.

Kesho yake saa saba mchana Mama Tumaini alikuja hapa. Wengine mlikuwepo. Alimwaga sufuria la maharage, akamwita Mama Sekela malaya, akamwita chombo cha magonjwa, mbele ya watu wote. Mama Sekela aligeuka akaniangalia mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa mashine, debe mkononi. Nikamimina mpunga mwingine ndani, mashine ikazidi kunguruma, nisisikie.

Jioni hiyo mke wangu alikwenda kwa kaka yake Uyole. Wateja wa Mama Sekela wakapungua, maana nani atakula mkononi mwa mtu aliyeitwa hivyo. Baada ya wiki tatu akahamia stendi. Mimi nikabaki na mashine na govi langu, nasubiri baridi.

Baridi haikunisubiri mimi. Mwezi wa pili, asubuhi moja, nililazimisha kulirudisha govi nyuma ili ninawe vizuri. Likarudi, halafu likagoma kurejea mbele. Likabana nyuma ya kichwa cha uume kama pete kwenye kidole kilichovimba. Nikavuta, nikapaka mafuta ya kula, nikavuta tena. Kufikia saa nane kichwa kilikuwa kimevimba na rangi imebadilika, imekuwa kama zambarau. Nilipanda bodaboda kwenda hospitali. Kila tuta la barabarani nililisikia mpaka kwenye meno, na yule kijana wa bodaboda akaniuliza mzee mbona unaomba kwa sauti.

Daktari alikuwa binti, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nilitaka kurudi. Akavaa glovu bila haraka.

"Shikamoo baba. Limekwama tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Na tatizo lenyewe lilianza lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Muda wote huo ulikuwa unasubiri nini?"

"Baridi."

Hakucheka. Alinipaka dawa ya ganzi, akafunga shashi, akanibana kwa mkono kwa muda mrefu ili uvimbe utoke. Nililia, sioni haya kusema. Halafu akasukuma kwa vidole gumba na govi likarudi mahali pake. Akaniambia, "Baba, hili likikwama ni la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Ungelala nalo, damu isingefika, na sehemu ya uume ingeweza kufa."

Nilifikiri tumemaliza. Akanichoma kidole, akaangalia kipimo, akarudia tena.

"Unajijua una kisukari?"

Nikamwambia naumwa huku chini, yeye anapima kidole. Akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba sukari ikizidi mwilini inatoka na mkojo, mkojo kidogo unabaki chini ya govi, na fangasi wanapenda sana mahali penye joto, unyevu na sukari. Ndiyo sababu ya kuwashwa na zile nyufa. Ndiyo sababu ya kiu. Soda zangu tatu za kila siku zilikuwa zinawalisha.

"Na kuhusu baridi," akasema, "kidonda hakiangalii kalenda. Kinaangalia sukari. Yako ikibaki juu hivi, hutapona mwezi wa pili wala mwezi wa saba."

Nikamuuliza kuhusu sabuni. Akaniuliza mimi kama nasukutua mdomo kwa sabuni ya kufulia. Nikasema hapana. "Basi ngozi ya ndani ya govi na ya kichwa cha uume ni laini kama ya ndani ya mdomo, na ina mishipa mingi ya fahamu. Maji safi yanaitosha. Wewe ulikuwa unaichubua kila siku halafu unashangaa inauma."

Alinipima na virusi vya Ukimwi na kaswende. Sikuwa na chochote. Akasema ugonjwa huu sikuupata kwa mwanamke yeyote. Halafu akauliza mwenzangu yuko wapi, maana fangasi wanaweza kumsumbua na yeye, inafaa apimwe. Nikasema yuko Uyole. Akasema, mpigie simu.

Sikupiga. Haya si mambo ya simu. Nilimeza dawa, nilijipaka krimu ya fangasi, na wiki ya pili nikasafiri. Nilimkuta Mama Tumaini uani kwa shemeji anachagua viazi vya kupeleka sokoni. Nikakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikamweleza kila kitu, kuanzia pumba mpaka kidole. Hakuacha kuchagua viazi mpaka nilipofika mwisho.

"Gwe," akasema kwa Kinyakyusa, yaani wewe, "kwa hiyo mwanamke hakuwepo?"

"Hakuwepo."

Akakaa chini. Alilia sana, na mimi nilitegemea atafurahi. Nikamwambia, mama, hukusalitiwa. Akasema, "Nimemwaga chakula cha mtu. Nimemtukana mwanamke mwenzangu, na wewe umesimama unaniangalia tu."

Alirudi nyumbani kuniuguza, lakini aliweka sharti. "Nitakupikia na nitakupaka dawa, kwa sababu unaumwa. Ila kitanda kimoja hatulali mpaka useme ukweli pale pale nilipomtukania, watu wakisikia." Mpaka leo analala chumba cha binti yetu. Yeye mwenyewe alikwenda stendi kuomba msamaha. Mama Sekela akampa kiti, akamwambia, "Wewe ulidanganywa, nimekusamehe. Aliyenidhulumu ni yule aliyenyamaza." Jina langu hakulitaja.

Sukari ilishuka polepole. Niliacha soda, nikapunguza ugali, nikawa natembea mpaka mfereji mkuu na kurudi kila jioni. Nyufa zikafunga. Daktari alisema govi lenyewe si ugonjwa, na kama langu lingelainika ningebaki nalo. Lakini ukingo ulikuwa umeacha kovu gumu, na lingekwama tena. Kwa hiyo mwezi wa nne, mvua inanyesha na hakuna baridi yoyote, nilikaa kwenye benchi la tohara katikati ya vijana. Mmoja akaniamkia akaniuliza kama nimemleta mwanangu. Nikamwambia nimemleta mwana wa mama yangu.

Sindano ya ganzi inauma, sitawadanganya. Baada ya hapo nilihisi kuvutwavutwa tu. Kazi ilikuja siku zilizofuata. Kichwa cha uume kikigusa nguo nilisikia moto, nikawa natembea miguu mbali mbali nimevaa kitenge cha mke wangu. Niliamini wameniharibu mishipa. Daktari akasema, "Kimezoea kufunikwa miaka yote hii, kipe wiki chache kizoee." Kweli kikazoea. Aliniagiza nisikutane na mwanamke kwa wiki sita, na agizo hilo, kwa hali ya nyumba yangu, sikupata shida kulitii.

Kidonda kilipona vizuri, bila usaha. Leo nakojoa kama mtu, nalala usingizi, na sukari yangu naipima kila mwezi. Nalia nikikumbuka, kwa sababu nilikaribia kukatwa kiungo kwa ajili ya aibu.

Wanaume wenzangu, aliye na govi akae nalo kwa amani, anawe kwa maji, na alirudishe mbele kila akimaliza. Likianza kubana au kupasuka ukiwa mtu mzima, usikimbilie sabuni, kapime sukari. Na mwenye mtoto mdogo wa kiume asimvute govi kwa nguvu. Kwa mtoto linakuwa limeshikana na kichwa cha uume, na litaachia kwa wakati wake. Haya niliambiwa na daktari, mimi nayarudia tu. La kwangu ni hili: mwonyeshe mkeo. Kuna siku utaona haya robo saa, halafu yataisha.

Mama Sekela, nakuona hapo getini, na nashukuru umekubali kuja. Mimi na wewe hatukuwahi kuwa na jambo lolote. Ugonjwa ulikuwa wangu, ulitoka kwenye damu yangu, na sikuupata kwako wala kwa mtu mwingine. Ulipotukanwa nilikuwa nimesimama hapa hapa, na nilisikia. Nilimimina mpunga ili watu wafikiri sikusikia. Nilisikia kila neno, na nilijua ni uongo, na nikaliacha jina lako lichafuke ili langu lisiguswe. Bati lako lipo, hakuna aliyepika chini yake. Ukitaka kurudi, rudi; usipotaka, sitakulaumu.

Nisamehe. Na ninyi mliosikia siku ile, mkifika kwenu semeni mlichosikia leo.