Hewa ya Jumanne

Chupa namba saba ilikaa kwenye kabati la maabara yangu hapa Bungoma tangu Oktoba, imejaa hewa ya Endebess, nami sikuwa na moyo wa kuifungua. Fundi wetu wa maabara, mwanamke mpole asiyependa kitu kikae bure, aliniuliza mara tatu kama anaweza kuisafisha. Mara ya kwanza nilimwambia bado. Mara ya pili nilijifanya sijasikia. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, kisha nikampelekea chai na mandazi ili yaishe. Hewa iliyokuwa mle ndani ilikusanywa na baba yangu, na baba tulikuwa tumeshamzika.

Mimi ni mwanakemia. Kazi yangu ni kuuliza hewa imebeba nini. Kwa macho haina rangi, lakini ukipitisha ndani yake mwanga wa infraredi, ule ambao ngozi huusikia kama joto na macho hayauoni, kila molekuli hula sehemu yake ya mwanga na kuacha nyingine. Methani ina pengo lake, amonia ina lake, kaboni dayoksaidi ina lake. Spektromita huyachora mapengo hayo kama mistari kwenye kompyuta, na aliyezoea huyatambua jinsi mzazi anavyomtambua mtoto wake kwa kikohozi kutoka chumba cha pili. Nilijisifu sana kwa usomaji huo. Nilidhani hakuna kinachonipita.

Nilitaka kujua mbolea ya msimu wa kupanda huko Trans-Nzoia, na moshi wa mabua na wa miwa huku Bungoma, vinaongeza nini hewani. Kwa hiyo nilihitaji hewa safi ya kulinganishia, na sikuona mahali pazuri zaidi ya kwetu. Boma letu liko juu ya Endebess, karibu na msitu, na asubuhi upepo hushuka kutoka mlimani kabla haujagusa shamba la mtu. Ikishafika saa tatu hivi hugeuka ukaanza kupanda kutoka mashambani. Ilibidi chupa ijazwe saa mbili kamili, kila Jumanne, na mtu wa kuaminika.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya kutunza ghala la mahindi kwenye mji wa Kwanza. Miaka yote hiyo alipima unyevu wa mahindi kwa meno. Mashine ililetwa, akaiweka kwenye rafu, akaendelea kutia punje mdomoni na kusema hii bado, hii tayari. Nilipompelekea chupa zangu alizigeuzageuza mkononi.

"Miaka yote ya shule," akasema, "ati umesomea upepo."

"Nimesomea kilicho ndani ya upepo, Baba."

"Haya, mama. Nionyeshe."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na tangu utotoni hakuwahi kuniita vingine. Nikamwonyesha. Chupa hutoka maabara ikiwa tupu kabisa, imenyonywa hewa yote kwa pampu. Unasimama ukielekea upepo, unavuta pumzi, unaibana. Unafungua koki, chupa inavuta hewa kwa mlio kama wa nyoka, unahesabu moyoni moja hadi kumi, unafunga. Ndipo unapumua. Pumzi ya mtu ina kaboni dayoksaidi karibu mara mia zaidi ya hewa ya nje, kwa hiyo hata kidogo ikiingia huharibu chupa nzima. Nilimpa pia daftari, nikamchorea safu nne: tarehe, saa, upepo, maoni. Sikuwahi kuliomba lile daftari. Lebo ya chupa ilikuwa na tarehe na saa, na hayo ndiyo niliyoyahitaji.

Kwa karibu miaka miwili kila Jumanne simu yangu ililia saa mbili na robo. "Mama, hewa yako iko tayari." Chupa ilipakiwa kwenye katoni, ikazungushiwa maganda ya mahindi, ikashuka na bodaboda hadi Kitale, na kesho yake nikaipokea Bungoma kwenye ofisi ya vifurushi. Mara nyingine aliweka maparachichi juu yake. Nilimkataza, akaacha wiki mbili, akarudia. Hewa yake ilikuwa safi mno. Nilipowaonyesha wenzangu mistari yake nilisema kwa maringo kwamba huyu mkusanyaji hana mfano wake.

Ikafika Juni, mstari wa kaboni dayoksaidi ukaanza kupanda. Nilishuku koki inavuja, nikaipaka grisi upya. Nikashuku ng'ombe. Mwishowe nikaona na mvuke wa maji umepanda pamoja nayo, nikajua.

"Baba, unapumua kwenye chupa."

"Mimi?"

"Wewe."

"Labda ni ng'ombe ya jirani."

"Ng'ombe angeleta methani, Baba. Hii ni pumzi ya mtu."

Akacheka kidogo, akasema atachunga. Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, na ile ya baadaye hivyo hivyo. Nina hasira za karibu, hilo wanalijua wote waliofanya kazi nami. Kwenye kompyuta niliandika mbele ya kila chupa: imeharibika, mkusanyaji amepumua. Na Agosti nikampigia nikamwambia, "Baba, kama kazi imekuchosha niambie tu, nitafute mtu mwingine."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Hapana, mama. Usitafute mtu. Nitajaribu."

Oktoba, mama yangu akapiga simu kutoka hospitali Kitale. Ni mapafu, akasema, na yameanza zamani, labda ni lile vumbi la ghala. Baba alikuwa amemkataza kuniambia. Nilifika siku hiyo hiyo, nikakaa na baba siku tisa. Tulizungumza mahindi, tukazungumza paa la zizi. Chupa hatukuzitaja. Nilikuwa nangoja apate nafuu kwanza ndipo nimwombe msamaha, na nafuu haikuja.

Baada ya maziko vitu vyake viligawanywa, kama ilivyo kwetu. Koti lilienda kwa ndugu yake, redio kwa kaka yangu, kiti kilibaki kwa mama. Watu walipokwisha kutawanyika, mama aliniita jikoni akanipa daftari lililofungwa kwenye karatasi ya unga.

"Hii ni yako," akasema. "Hapa hakuna mwingine anajua kuisoma."

Nililisoma nikiwa nimekaa kwenye gunia la magunzi. Maoni ya mwanzo yalinichekesha. Ng'ombe wa jirani amepita, nimengoja. Leo hewa nzuri, hata mama watoto ameipenda. Kisha, kuanzia Juni, safu ya maoni ikawa na neno moja moja. Tisa. Tisa. Nane. Saba. Nilidhani ni hesabu ya kuku. Nilipofika sita ndipo nikaelewa. Alikuwa ameandika alipofika katika kuhesabu hadi kumi kabla ya pumzi kumshinda. Mtunza ghala haandiki kumi kama ni sita. Mstari wa mwisho, wa Jumanne ya kabla ya kulazwa, ulisema: Tatu. Nimepumua. Mama asikasirike.

Mama huyo ni mimi.

Niliporudi Bungoma niliweka namba zake kando ya mapengo ya mwanga, wiki kwa wiki. Zililingana vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupima. Baba yangu alikuwa akiniambia kila Jumanne kwamba anakufa, kwenye daftari na kwenye chupa, nami nikaandika imeharibika. Nilitamani simu ilie saa mbili na robo, hata kama ni ya maparachichi.

Kwa hiyo namba saba, chupa ya Jumanne ile ya mwisho, ikabaki kabatini. Ndani yake mlikuwa na upepo wa mlimani na pumzi ya baba ya kutoka tatu hadi kumi, na hiyo, pamoja na daftari, ndiyo sehemu pekee ya mirathi iliyoniangukia. Lakini Machi ilifika. Watu wa Endebess walikuwa wanapiga haro kuvunja mabonge ya udongo, mbolea inakaribia kuingia ardhini, na chupa yangu nyingine ya kule ilikuwa imevunjika njiani. Bila kuimwaga namba saba na kuijaza upya, kazi ya baba ya karibu miaka miwili ingekatikia pale. Na nilijua jambo ambalo fundi hakutaka kunitajia: hakuna koki isiyovuja. Kila mwezi hewa ya Bungoma ilijipenyeza kidogo na yake ikatoka kidogo. Ningeitunza hivyo, mwishowe ningejikuta natunza hewa ya kabati tu.

Niliifungua asubuhi ya Jumatatu. Hewa ikaingia kwenye spektromita, mistari ikapanda juu kuliko yote iliyotangulia. Niliitazama hadi chai yangu ikapoa. Nikafuta neno imeharibika mbele ya chupa zote, nikaandika namba aliyofikia kwenye kila moja. Kisha nikamwambia fundi awashe pampu, nikasimama pale hadi ikamaliza.

Kesho yake saa mbili nilikuwa Endebess, nyuma ya zizi, mahali ambapo nyasi zimeisha kwa buti za baba. Mama alisimama mlangoni pa jikoni akinitazama. Nikaelekea upepo, nikavuta pumzi, nikaibana, nikafungua koki. Moja. Mbili. Chupa ikalia. Tatu. Hapo kifua kikaanza kunitetemeka, nikakaza, nikahesabu nne, kwikwi ikanitoka.

Nikafunga koki.

"Umefika kumi?" mama akauliza.

"Nne."

Akatoka mlangoni, akaja karibu. "Yeye pia alikuwa anasema hiyo kumi ni mbali."

Nikafungua daftari. Chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika tarehe, saa na upepo, na kwenye maoni nikaandika: Nne. Nimepumua.