Mboga Ndani ya Injini

Minza alikuwa muuza viatu vya mitumba, mtu wa kuzunguka minada kutoka Bariadi hadi Nyashimo, na hakuna mwanamume aliyewahi kumaliza mbele yake sentensi inayoanza na "wewe mama huwezi kuelewa."

Kigari chake kilipowasha taa ya injini, alikipeleka kwa fundi Danford. Danford alitega sikio kwenye boneti, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuja msibani, kisha akabandika selotepu nyeusi juu ya ile taa.

"Imepona," akasema.

Minza aliibandua kabla hajatoka getini. Akaagiza Mwanza kidude cha kupimia magari, kidogo kama kiberiti. Unakichomeka chini ya usukani, kinawasiliana na simu, na simu inakwambia gari linaumwa wapi. Akajifunga kitenge, akapima gari uani kwake mbele ya kuku. Simu ikasema tatizo ni sensa ya hewa. Akaifungua, akakuta vumbi la barabara zote za Simiyu limehamia humo. Akaisafisha kwa dawa yake ya kupuliza, akaifuta ile hitilafu kwenye simu, taa ikazimika. Alicheza kwa furaha, peke yake, na alicheza vibaya.

Mumewe, Ndalahwa, hakucheza. Dada yake Nyanjige, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Migato, alishamwambia kwamba gari limetupiwa kitu na watu wenye wivu wa mnadani. Ndalahwa hakuwa mtu wa kumbishia dada yake.

Jumatatu Minza alipowasha gari, taa ilirudi, safari hii ikipepesa. Injini ilikuwa inamisi, inaruka mapigo, gari zima likitetemeka kama ng'ombe anayefukuza nzi. Akapima. Silinda namba tatu. Akachomoa koili ya namba tatu, ile inayokaa juu ya plagi na kuipa moto, ikatoka imelowa chapachapa. Akamulika tochi kwenye tundu la plagi.

"Baba Joyness!" aliita. "Njoo uone. Injini yetu ina mboga."

Ndalahwa alichungulia, kisha akatazama mawingu. "Labda upepo umeleta majani."

"Na upepo ndio uliyatwanga?"

Akakiri. Jana, Minza alipokuwa kanisani, yeye na Nyanjige walimleta mganga Januarius. Mganga aliagiza boneti ifunguliwe, akamwaga kibuyu kizima cha dawa juu ya injini ili kile kitu kitoke.

"Kitoke?" alisema Minza. "Mbona kimeingia!"

Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimwahi. Alicheka mpaka akakaa chini, mgongo kwenye tairi. Kisha akampa mumewe kitambaa, akamsimamia mpaka tundu likakauka kabisa, wakafunga plagi mpya. Injini ikatulia.

Nyanjige alitoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. "Si nilisema? Dawa imelisukuma lile dude mpaka namba tatu, mkaliona. Bila dawa mngelionaje?"

Minza alifunga boneti, akaenda kunawa mikono.

Mwezi ulipoandama, gari la Januarius mwenyewe lilifika getini likisukumwa na vijana, taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi. Mganga alishuka, akavua kofia.

"Wangaluka, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, kwa upole. "Nasikia una mashine inayoona ndani."

"Ninayo, baba. Fungua boneti."

Minza hakugusa mashine. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kikavu kama fimbo ya kuchungia.

"Mara ya mwisho uliweka oili lini?"

"Kuweka?" Januarius aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Si nililinunua ikiwa imo?"

Minza alimeza kicheko, maana mzee alikuwa mgeni kwake. Akaleta galoni lake la oili na kumwelekeza tundu la kumiminia. Januarius alilishika galoni kwa mikono miwili, kisha akasita.

"Na wakati wa kumimina, unasema maneno gani?"

Minza alifikiri kidogo. "Mimi huwa nasema, kunywa."

Januarius aliinamia injini, akafumba macho.

"Kunywa," akaliambia gari, na akaanza kumimina.