Mashine Aliyoikataa Mama

Hospitali nzima inapumua kwa mikono yangu. Ndivyo ninavyowaambia majirani wa Nguvumali, na wengine wameanza kuamini. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa: vipimo vya presha, mizani ya watoto, na zaidi mashine za oksijeni, ambazo hewa yetu ya chumvi huzitafuna kama mchwa.

Mama alipobanwa na kifua, nilimleta wodini mwenyewe. Nesi akasogeza mashine niliyoifungua na kuisafisha juzi yake. Kabla mrija haujafika puani, mama akanyanyua mkono.

"Hii kaitengeneza nani?"

Nikajitutumua. "Mimi, mama!"

"Basi iondoeni."

Wodi yote ikageuka. Akaeleza kwa vipande, kila neno na pumzi yake: feni niliyomtengenezea ilivyochomoka darini ikaua kuku uani, pasi ilivyotoboa kanga yake ya Idi. "Mwanangu nampenda. Lakini pumzi yangu simpi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa. Uso wangu uliwaka, ungeweza kukaangia samaki. Nilitaka kumwambia kwamba kazini napima, sibahatishi kama nyumbani. Lakini midomo yake ilishaanza kuwa ya kijivu.

Nesi akanikonyeza. "Bi mkubwa, anakutania huyu. Katengeneza fundi kutoka Dar. Huyu kazi yake kufuta vumbi tu. Au siyo, kaka?"

Nikamtazama mama kifua kinavyohangaika.

"Kweli, mama. Mie nafuta vumbi tu."

Akakubali. Mashine ikaunguruma, nami nikaisikiliza nimeshikilia ukuta. Taratibu midomo ikarudi rangi yake. Nilimshukuru Mungu, lakini aibu haikupungua hata chembe: mashine ilikuwa nzima kabisa, na mama yangu mzazi asingeivuta kama angejua ni kazi yangu.

Alasiri akaweza kusema bila kukatika. "Huyo wa Dar ndiye fundi hasa. Mfikishie salamu zangu. Na umwombe akufundishe, usione haya."

Nikasema zitafika. Kisha nikainama kufunga kamba za viatu, nikabaki huko chini muda mrefu, na miguuni nilikuwa nimevaa makubadhi, yasiyo na kamba hata moja.