Moshi Niliouficha Kifuani

Wewe unayesoma haya huku kifua kinakubana, usikate tamaa. Mimi ndugu zangu walishaanza kuulizana nani ataleta mbao za sanduku langu. Leo nabeba beseni la samaki kichwani, na nikitaka kumgombeza mtu naanza na kumaliza bila kupumzika.

Naitwa Mama Riziki. Nyumbani kwangu ni kijiji cha kando ya ziwa, si mbali na mji wa Baraka. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa nguvu, sioni aibu kujisifu. Nilinunua samaki waitwao mikebuka kwa wavuvi asubuhi, nikawakausha kwa moshi juu ya uchanja nyuma ya nyumba, kisha nikawapeleka sokoni kwa miguu. Wenzangu walipanda pikipiki. Mimi nilikuwa nawacheka.

Vita vilipozidi, moshi wenyewe ukawa wa kuogopwa. Watu wenye bunduki waliokuwa milimani wakiona moshi, wanajua pale kuna samaki na kuna watu. Walishuka, wakala, wakapiga, wakaondoka na mzigo. Basi sisi wanawake tukatafuta akili. Tukahamisha uchanja ndani ya nyumba. Tulifunga mlango, tukaziba madirisha kwa magunia, nyufa tukazijaza vitambaa, hata harufu isitoke. Tulijipongeza sana kwa ujanja huo. Wenye bunduki hawakuuona moshi tena, kwa sababu wote tuliumeza sisi.

Miaka ikapita hivyo. Kikohozi kilianza kama kikohozi chochote, nikakidharau. Makohozi yakawa mazito, ya kijivu. Nikaanza kusimama katikati ya njia nikijifanya nafunga kitenge, kumbe natafuta pumzi. Halafu miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tumbo likajaa maji. Midomo ikawa myeusi yenye ubluu. Kulala chali sikuweza, nililala nimekaa, mgongo ukutani. Hata mtoto wangu Riziki nilishindwa kumwita jina lote. Nilisema "Ri", pumzi imekwisha. Hapo nililia.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi mama mmoja, Nyamwiza, aliyekimbia vita kutoka Bibokoboko, kule milimani, na ng'ombe wachache waliobaki. Kila asubuhi aliniletea maziwa, nami nilimpa samaki. Kwao samaki si chakula walichokizoea, na alimla kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Nilimtania, naye alinitania kwamba naonja maziwa kama paka mwizi. Wakati ule watu wa kabila langu na wa kabila lake walikuwa wanaangaliana vibaya, lakini sisi wawili tulikuwa tumeshazoeana.

Kaka yangu Ebuela alipoiona miguu yangu, alikasirika.

"Hii ni karuho," alisema. Karuho ni ile sumu ya polepole tunayoitaja mtu akianza kukonda au kuvimba na sababu haijulikani. "We uko unakunywa maziba ya nani kila siku?"

"Ebuela, acha."

"Siachi! Bantu bote banasema ni ule mama. Bavijana bashajua fasi anakaa."

Akamleta mganga wa kienyeji anayetapisha sumu. Nilinyweshwa dawa chungu ya majani, nikatapika mpaka macho yakaona giza. Sumu haikutoka. Nilichotoa ni nguvu kidogo niliyokuwa nimebakiza. Mganga akasema sumu imeshika sana, na Ebuela akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kufa kwangu peke yangu nilikuwa nimeanza kukukubali. Lakini nilijua nikifa asubuhi, kabla ya kuzikwa mimi, Nyamwiza atakuwa ameuawa. Nilimwambia kaka yangu, neno moja kwa kila pumzi: "Unipeleke... hospitali. Kama munganga... anaona sumu... utasema. Kama haoni... utanyamaza." Kwetu daktari naye tunamwita munganga.

Ebuela ni mkali lakini ananipenda. Yeye na ndugu wengine walinilaza kwenye kipoyi, ile machela ya miti na blanketi, wakanibeba mabegani hadi Baraka. Nyamwiza alitaka kufuata, nikamkataza kwa mkono. Njia ile haikuwa salama kwake siku hiyo.

Hospitalini waliniwekea oksijeni, wakanipiga picha ya kifua, wakanipaka mafuta baridi kifuani na kuutazama moyo kwenye kioo cha ekografia. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mama, we unakausha samaki wapi?"

"Ndani."

"Mulango wazi?"

Nikatikisa kichwa. Akavuta kiti, akakaa, akamwita Ebuela asogee.

"Mapafu ya mama yameungua kwa moshi," alisema. "Damu inapita kwa shida, kwa hiyo moyo unasukuma kupita nguvu zake, mpaka umevimba upande mmoja. Maji ya miguu yanatoka hapo."

Ebuela hakuridhika. "Munganga, sema kweli. Ni nani alitumaka hii ugonjwa? Si ule mama wa maziba?"

Daktari hakumcheka. Alisema mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, na kila chembe inatoa vifuko vidogo zaidi yake, vinavyoelea ndani ya damu. Vifuko hivyo vinabeba ujumbe. Chembe zenye afya zinapelekeana habari njema. Lakini mapafu yakiungua, vifuko vyake vinaweza kubeba habari mbaya hadi moyoni, na moyo ukaumia zaidi. Alisema vya kwangu hakuvipima, mashine ya kazi hiyo pale hawana. Wataalamu bado wanavichunguza, wanatumaini siku moja vitawaonyesha ugonjwa mapema, au vitabeba dawa.

"Kwa hiyo ndugu," alimalizia, "kama unatafuta mwenye kutuma, ni mapafu ya dada yako. Na mapafu yalichokozwa na moshi. Hapa hakuna mama wa maziba."

Ebuela alikunja blanketi la kipoyi. Kisha akasema, "Basi nitarudi kijijini leo. Ile maneno nilisema, mimi mwenyewe nitaifuta."

Akaenda kweli. Nilisikia alisimama mbele ya wale vijana akawaambia ugonjwa wa dada yake una jina, na jina hilo si la mtu.

Mimi nilibaki kupigania pumzi zangu. Walinipa vidonge vya kukojolesha, nikakojoa mpaka muuguzi akanitania kwamba nataka kuongeza ziwa. Miguu ikapungua, mifupa ya vifundo ikaonekana tena. Chumvi nilikatazwa, na sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi ni adhabu, lakini nilikula. Asubuhi moja niliamka nikajikuta nimelala chali. Nilipiga kelele za furaha, wagonjwa wote wakaamka. Nikaita "Riziki!", jina zima, kwa sauti ile ya sokoni, na mtoto akaja mbio.

Kovu la mapafu halijaondoka, dawa nameza hadi leo, na kilima nakipanda polepole. Lakini nakipanda! Asante Mungu, asante daktari, asante mabega yaliyobeba kipoyi.

Bamama wenzangu, toeni uchanja nje. Kama ni hatari, acheni samaki waoze, mtapata wengine. Anayekohoa muda mrefu, anayevimba miguu, apelekwe hospitali kabla hajatafutiwa mchawi. Kutapishwa nusura kuniue.

Siku niliyorudi, kijiji kizima kilitoka kuniimbia. Niliwapita wote, nikatazama nyuma ya nyumba kwanza. Nyamwiza alikuwa amesimama pale, mzima, anafuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake. Watu husema nilipona. Tulipona wawili.